Siku Mbili Zilizorudishwa

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka 1973, saa mbili kasorobo asubuhi, Ashatu binti Mosi alisimama kwenye dirisha la ofisi ya Hoteli ya Fungu Jeupe. Barua yake ya kuomba likizo ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la khanga. Alikuwa ametoka kuanika mashuka arobaini na mawili, na vidole vyake vilikuwa bado vimesinyaa kwa maji. Mbele yake alisimama mpishi aliyekuja kuulizia sare. Mpishi akaambiwa sare hazijaja, akaondoka, na Ashatu akasogea.

Karani wa ofisi aliitwa Gertruda. Alisoma kwa masista, na hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri kama wake hotelini. Aliipokea barua, akaisoma yote mpaka mwisho, kwa sababu Ashatu alikuwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi za kisomo cha watu wazima, kubwa kama za tangazo, na haikuwa adabu kutoisoma.

"Dada Ashatu," akasema, "likizo yako imekwisha tumika."

"Imetumiwa na nani?"

"Ndugu Ausi, mgeni wa chumba cha ishirini. Ameirudisha jana jioni. Zimebaki siku mbili."

Ashatu hakushangaa. Hapakuwa na mfanyakazi wa Fungu Jeupe ambaye angeshangaa.

Hoteli ile ilikuwa ufukoni, katikati ya Mapinga na mji wa Bagamoyo. Mwanzoni iliuza vyumba kwa siku kama hoteli nyingine yoyote. Baadaye kampuni ikagundua kuwa kuuza vyumba ni kazi ya kila siku, lakini kuuza wiki ni kazi ya mara moja. Mtu alinunua wiki yake, tuseme wiki ya kumi na tatu ya mwaka, ikawa yake mpaka kufa kwake, na akifa wanawe wairithi. Walionunua walikuwa wazungu wa miradi na wakubwa wa mashirika kutoka Dar es Salaam. Wakubwa walikuwa wamekatazwa kuwa na nyumba za kupangisha, nao waliitii amri hiyo. Wiki si nyumba. Haina paa wala kiwanja, na haikuandikwa popote kwamba kiongozi asimiliki wiki.

Kisha ukaja utaratibu mpya ulioitwa Raha Bila Kamba. Kuanzia hapo mwenye wiki hakufungwa tena na wiki yake. Aliweza kuikata akala Jumamosi leo na Jumapili mwezi ujao. Aliweza kuilimbikiza, asije mwaka huu, aje wiki mbili mwakani. Aliweza kukopa ya mwaka ambao haujafika, kubadilishana na mwenzake, au kumpa shemeji. Wenye wiki wakafurahi mno, na kila mmoja kwa uhuru wake akachagua Sabasaba, Idi na Desemba. Mwaka ukawa hautoshi.

Meneja wa hoteli, Bwana Mwinshehe, alikuwa mtu mpole wa Dunda, asiyeinua sauti hata kwa paka. Alifungua makabati yote ya ofisi akitafuta wiki za akiba, ndipo alipozikuta likizo za wafanyakazi zimelala kwenye mafaili, hazifanyi kazi yoyote. "Muda ni muda," alisema, akaanza kuzigawa.

Ya kwanza kwenda ilikuwa ya Majaliwa, mtunza bustani. Mhandisi mmoja wa barabara alipewa siku sita na nusu. Lakini likizo ya mtu ina njia yake, huenda pale mwenyewe alipokusudia, na mhandisi hakuiona bahari hata mara moja. Siku sita zote alikuwa bonde la Ruvu katika shamba la mpunga la Majaliwa, mke wa Majaliwa akimpikia na watoto wakimwita baba. Alirudi hotelini na tope mpaka magotini, akasema hajapumzika hivyo tangu aje Afrika. Ile nusu siku aliyoibakiza ilirudishwa kwa mwenyewe. Majaliwa alipoitumia, siku ya Ijumaa, alikuta ndani yake vishungi vya sigara na kucha za miguu zilizokatwa, zimemwagwa juu ya mkeka wake wa kuswalia. Akazifagia. Mkewe akamwuliza mbona leo hasifu mchuzi.

Tangu hapo Ashatu alijua kwa pua nani amepewa likizo ya nani. Shuka la chumba cha tisa lilinuka moshi wa kuni za kwa mpishi. Foronya za chumba cha nne zilikuwa na mafuta ya kichwa ya mke wa mlinzi. Kila alipoziloweka, mate yalimjaa mdomoni, akageuka pembeni akatema, kisha akaendelea kufua.

Yake mwenyewe aliidhani imesalimika. Ilikuwa likizo ya siku ishirini na nane, iliyoahirishwa mara tatu, mwaka wa kwanza kwa ajili ya wageni wa mkutano, wa pili kwa ajili ya pampu iliyokufa, wa tatu bila sababu. Alikuwa ameikusudia kwa mama yake, Bi Tatu, aliyekaa Saadani peke yake.

Miaka tisa kabla ya hapo Ashatu alimkataa mwanamume aliyechaguliwa na mama yake, akaondoka na dereva wa lori. Mama alisimama mlangoni akamwambia, "Nenda, lakini radhi yangu hunayo." Dereva alimwacha kabla mwaka haujaisha. Mimba mbili zikaharibika. Alichopanda hakikuota, na alichojenga kilichukuliwa na upepo. Alimpelekea mama khanga, sukari, unga wa ngano, na mama alipokea na kurudisha salamu nzuri, lakini neno lile hakulirudisha. Radhi haitumwi kwa mtu. Mwenye kuitaka huifuata mwenyewe, akatoa mkono. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka jana zilimfika habari kwamba miguu ya mama imevimba na kwamba kila siku anauliza, "Ashatu kaja?"

Gertruda alivuta karatasi nyingine kutoka kwenye faili.

"Ndugu Ausi ameandika malalamiko," akasema. "Utaratibu ni kwamba mwenye likizo asomewe."

"Nisomee."

Gertruda akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea orodha ya vyombo. "'Likizo niliyopewa hailingani na hadhi ya mmiliki. Nyumba ndogo, makuti yanavuja. Chakula ni samaki siku zote. Aidha, ndani ya likizo kulikuwa na mgonjwa, ambaye siku ya ishirini na tatu alifariki, na vilio vilivyofuata viliniondolea usingizi. Naomba fidia.'"

Ndani ya ofisi feni ilikuwa ikizunguka.

"Mgonjwa wa miguu?" Ashatu akauliza.

Gertruda akaigeuza karatasi. "Ndiyo. Hapa nyuma ameongeza. 'Mgonjwa alikuwa na miguu iliyovimba na yenye harufu.'" Akaiweka karatasi chini, akaisawazisha na ukingo wa meza. "Pole sana, dada yangu. Mungu amlaze pema."

"Amina," Ashatu akasema.

Ndugu Ausi alikuwa barazani upande wa bahari, mbele ya sahani ya kamba wa kukaanga. Alikuwa mkurugenzi wa shirika moja, mtu mnene mwenye miwani na sauti ya kiungwana. Aling'oa kichwa cha kamba, akakifyonza, akakiweka ukingoni mwa sahani pamoja na vingine vilivyomtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kahawa yangu msiitie sukari."

"Mimi ni Ashatu. Ndimi mwenye ile likizo."

Akamtazama vizuri. "Ahaa, kumbe ndiwe! Pole kwa msiba. Keti, keti." Lakini viti vya barazani havikuwa vya wafanyakazi, na Ashatu akabaki amesimama. "Nitakwambia kweli, binti, mimi nilitaka kupumzika tu. Nililala chumba cha ishirini, kulipokucha nikajiona niko Saadani, bibi kizee ananiita mwanangu. Nikasema sawa, si ndiyo likizo yenyewe?"

"Alisema nini?"

"Mengi. Wagonjwa unawajua." Akang'oa kichwa kingine. "Alasiri moja alinishika mkono huu. Akalia. Akasema ananisamehe nami nimsamehe, na radhi yake yote ni yangu, ya maziwa na ya uchungu, duniani na akhera. Alinishikilia kwa muda mrefu. Mwishowe nikaitikia amina, aniachie, kwa maana mkono ulikuwa umekufa ganzi."

"Radhi ile ilikuwa yangu, mzee."

"Ilikuwa ndani ya likizo," Ndugu Ausi akasema taratibu, kama anayemweleza mtoto hesabu, "na likizo nilipewa kwa halali. Sikumwibia mtu. Karatasi ninazo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mchangamfu, akataka kuzungumza. Alimweleza kwamba tangu arudi, yaani tangu jana tu, mambo yake yamenyooka ajabu. Amepigiwa simu, anahamishiwa shirika kubwa zaidi. Jino lililomsumbua mwaka mzima limetulia. Mwanawe aliyeko masomoni Bulgaria, ambaye hakuandika miaka miwili, ameleta barua ya kurasa sita. "Sijui nimefanya jema gani," akasema, akacheka, na kipande cha ganda kikamruka mdomoni kikatua juu ya kitambaa cha meza.

Ashatu alijua. Radhi ni kama mvua, haiulizi shamba ni la nani.

"Naomba unirudishie."

"Nitakurudishiaje? Si kitu cha kukishika." Akafikiri, akaukunja mkono wa shati. "Labda hii. Haitoki. Nimejaribu sabuni, nimejaribu limau."

Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama za vidole vitano vyembamba, zimedidimia kama zilizobonyezwa kwenye unga uliokandwa. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda. Mama yake alikivunja akitwanga, kabla Ashatu hajazaliwa.

"Naomba mkono wako, mzee," Ashatu akasema.

Alimpa, akidhani anaagwa. Mkono ulikuwa na joto, laini, umelowa mafuta ya kamba na kitunguu saumu. Chini ya harufu hiyo, mbali kabisa, ilikuwapo harufu ya mafuta ya nazi ya mama yake. Ashatu aliinama akaubusu, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine duniani pa kubusu. Midomo yake ikang'aa mafuta. Alingoja. Kitu hakikuja. Ndugu Ausi alisubiri kidogo kwa adabu, kisha akauvuta mkono wake, akaufuta kwa kitambaa, akaunyoosha kwa kamba aliyefuata.

Ashatu alikwenda nyuma ya chumba cha kufulia, akatapika chai na muhogo wa asubuhi, akasukutua, akafunga khanga upya. Siku mbili zake zilianza kesho yake alfajiri.

Lori la kwenda kuchukua chumvi lilimpeleka kwa njia ya Miono, akafika Saadani baada ya alasiri. Samaki walikuwa wameanikwa juu ya vichanja kila upande. Jirani wa mama yake, Bi Mwaija, alikuwa akiwageuza mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Mwaija akasema bila kuinua uso. "Umerudi? Miwani umeiacha wapi?"

"Sikuwa mimi, mama. Alikuwa mtu mwingine."

"Tuliona. Mwanamume mnene wa mjini, macho tunayo." Akageuza samaki. "Lakini alikuja na likizo yako, tukampokea wewe. Tungefanyaje? Mama yako alikuwa hawezi tena kungoja. Basi ulikuja, ukakaa, ukatuaibisha."

"Nilifanya nini?"

Bi Mwaija akamweleza. Alimkataa samaki wa mama yake, akasema ana miiba na ananuka. Alipoombwa kumnawisha mgonjwa, alifunika pua kwa leso akatoka nje. Siku ya kufa, wanawake walipomwita aje kumwosha mama yake, alisema hana desturi hiyo, akakaa kivulini akaagiza dafu. Watu walipokuwa wakisoma khitma alikuwa akiwapiga picha. Siku ya tatu, kabla matanga hayajaanuliwa, aliuliza gari la Bagamoyo linaondoka saa ngapi.

"Kijiji kizima kinasema, Ashatu binti Mosi hakumwosha mama yake," Bi Mwaija akamaliza. "Nami nasema hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

Ashatu aliinamisha kichwa. "Na mama? Alijua?"

Kwa mara ya kwanza Bi Mwaija aliacha samaki. Akajifuta magamba mikononi.

"Macho ya mama yako yalikuwa yamekwisha. Aliushika ule mkono, akaupapasa, akacheka. Akaniambia, 'Mwaija, hebu shika. Mkono wa mwanangu umekuwa laini. Kumbe hata kazi yenyewe si ngumu. Mimi nilikuwa namwonea huruma bure.'"

Ashatu aliitazama mikono yake. Sabuni ya magadi ilikuwa imeichuna ngozi katikati ya vidole, na pasi ilikuwa imemwachia mabaka mawili. Aliirudisha chini ya khanga.

Nyumbani kwa mama mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani ya chetezo alikuta vishungi vya sigara, vimezimwa juu ya ubani. Miiba ya samaki ilikuwa imesukumwa chini ya kitanda, pamoja na leso iliyokauka ikawa ngumu kama gamba. Palikuwa na harufu ya manukato ya kiume, tamu, imechanganyika na ya ugonjwa, na mchanganyiko huo ulinuka vibaya kuliko ugonjwa peke yake. Alitoa kila kitu nje, akafagia, akapiga deki, akafukiza ubani. Manukato hayakutoka.

Asubuhi ya siku ya pili alikwenda kaburini, akasoma Fatiha. Muda uliobaki aliutumia kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Aliwaomba radhi wanawake walioosha maiti, kwa kuwa hakuwasaidia. Alimwomba radhi shehe kwa zile picha. Aliomba radhi kwa mvuvi aliyeleta samaki, akaambiwa samaki wake ananuka. Walimsamehe wote, kwa maneno mazuri, na mmoja alimshauri asirudie tena. Hakumwambia mtu kwamba hakuwa yeye, maana walikwisha jua na haikubadilisha kitu. Lori lilipopiga honi alikuwa bado hajamaliza nyumba tatu.

Aliporudi Fungu Jeupe alikuta watu wamepanga mstari dirishani. Malalamiko ya wenye wiki yalikuwa yamezidi. Mmoja alikuwa ameangukia kesi ya mirathi ya mlinzi, mwingine alijikuta kwenye jando la mtoto wa dereva na akalazimika kutoa mbuzi. Meneja Mwinshehe alikuwa ametafakari, akaona kosa ni la ofisi, kwa kutouliza. Sasa kila mfanyakazi alitakiwa kuandika mapema yaliyomo ndani ya likizo yake ya mwakani, ili mteja achague akijua.

Ashatu alipofika mbele, Gertruda alimpa fomu na kalamu.

"Andika ukweli," akamwambia kwa sauti ya chini. "Kama kuna mgonjwa, mtaje. Kama kuna harusi, taja na pilau."

"Ndugu Ausi wamemfidia?"

"Wamempa yangu. Ya Noeli." Gertruda alikuwa akipanga klipu za karatasi kwa ukubwa wake. "Baba yangu anatimiza miaka sabini. Tulikuwa tumepanga watoto wote tuwe pamoja. Atakula vizuri, mama anajua kupika." Akaziweka klipu kwenye kopo. "Nimemwandikia mama asimwekee pilipili, hapendi."

Ashatu aliishika kalamu kama walivyofundishwa kwenye kisomo. Aliifikiria likizo yake ya mwakani kwa muda mrefu, akaitafuta huku na huku, na watu nyuma yake wakaanza kukohoa. Alipoandika, herufi zilikuwa kubwa kama kawaida yake, maneno mawili tu: *Hamna mtu.*

Gertruda akasoma. Akaipiga muhuri.

"Hii haitakaa," akasema. "Wenye wiki wanapenda kimya."

Haikukaa. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imekatwa vipande viwili. Cha kwanza kilichukuliwa na mzungu wa mradi wa maji, na cha pili na shemeji yake Ndugu Ausi, aliyekikopa papo hapo, ingawa mwaka ulikuwa haujafika. Shemeji huyo alirudi baada ya wiki mbili, amenawiri, akaja mwenyewe dirishani kushukuru. Alisema amelala kwenye nyumba nyeupe ya udongo huko Saadani, safi, isiyo na mtu, ambamo hakuitwa wala hakuulizwa kitu na yeyote, na kwamba kama binti huyo anayo nyingine ya namna hiyo, basi miaka yote inayofuata awekewe yeye.